Usisaini Kitu Mpaka Jumanne

Kama gazeti la wiki jana ulilitandikia kuku kabla hujalisoma, sikulaumu, nami hufanya hivyo. Ninyi mliosoma vumilieni kidogo, nimweke sawa mwenzenu.

Mzee Ottmers, mwenye nyumba yetu ya mtaa wa Saltillo, alikufa. Watoto wake wakasema nyumba inauzwa. Wakasema pia kwamba kwa kuwa tumepanga miaka kumi na tisa bila kuchelewesha kodi, watatuuzia sisi kwanza, tukipata mkopo. Tusipopata, kuna bwana mmoja wa Houston anaitaka aibomoe, ajenge ghorofa za kijivu.

Benki wakaniambia sina namba. Hawakusema mbaya, walisema sina. Huku kwetu kila mtu ana namba inayosema analipa madeni au halipi, nami sikuwa nayo kwa sababu sijawahi kukopa. Jiko, draya za saluni, jeneza la mama yangu, vyote nilinunua kwa upatu wa wanawake wa mtaa, na zamu yangu sijawahi kuikosa.

"Upatu hauonekani kwetu," kijana wa benki akasema. "Kwa mtambo wetu, mama, ni kama hujazaliwa."

Nilikuwa na miaka hamsini na moja na nimevaa vizuri.

Basi nikazaliwa. Bwana Treviño wa chama cha akiba na mikopo alinipa kadi ambayo unaweka dola mia tatu zako ili wakukopeshe dola mia tatu zako, halafu unawashukuru. Nikawa nanunulia petroli tu, nalipa yote kabla mwezi haujaisha. Nikamwandikisha na mume wangu Librado kwenye kadi hiyo hiyo, naye akapata namba. Yake ilitoka ubavuni mwangu, kinyume cha Adamu na Hawa.

Mwaka na nusu tuliishi hivyo. Gari lile lile lenye mlango mmoja wa rangi nyingine. Kuku badala ya ng'ombe, na maharage badala ya kuku. Namba yangu ikafika mia saba na nane.

Ndipo Bwana Treviño akasema mkopo umepita, kwa majina yetu mawili maana kipato cha mmoja hakifiki, na kwamba tutasaini Jumanne saa nne asubuhi. Akaegemea meza.

"Bi Chelo, mpaka Jumanne, wewe na mumeo msikope kitu. Msifungue kadi. Msimdhamini mtu. Hata dukani wakikupa taulo la bure kwa saini, liache."

"Hata taulo?"

"Taulo ndilo baya kuliko yote."

Hapo ndipo tulipokuwa.

Saluni yangu iko sebuleni. Kuna draya mbili, kiti kimoja cha kukatia nywele, na benchi la watu ambao hawakuja kutengeneza nywele. Benchi ndilo hujaa.

Na mimi siwezi kukaa na habari nzuri peke yangu, hunipa gesi. Kwa hiyo namba yangu mtaani ilijulikana kuliko namba ya zimamoto. Watu walinisalimia nayo. "Za asubuhi, Mia Saba na Nane." Nami naitika.

Jumamosi akaja Eulalia. Nilimsimamia ubatizo binti yake, Dayanara, kwa hiyo mimi na yeye ni comadre, na huo kwetu ni undugu usiokatika hata mkikatana. Akakaa kitini, nikaanza kumpaka rangi.

Lazima ujue kwamba Jumamosi inayofuata Dayanara anatimiza miaka kumi na mitano. Kwetu binti akifika hapo hufanyiwa sherehe ambayo imepungukiwa bwana harusi tu, na kila kitu kinapewa mzazi wake wa heshima, anayekilipia. Keki ina baba yake. Taji lina mama yake. Bendi ina mjomba. Mimi nilikuwa mama wa viatu, nimevinunua taslimu, vimekaa kabatini. Ukumbi nao ulikuwa na baba, shemeji yake Eulalia wa Dallas.

"Shemeji amejitoa," Eulalia akasema.

Mama mmoja akatoa kichwa kwenye draya ili asikie.

"Amejitoaje?"

"Kanunua boti."

"Dallas kuna bahari?" benchi likauliza.

"Hakuna. Boti iko uani."

Tukamsikitikia. Nilidhani yameishia hapo. Eulalia akanishika mkono wenye brashi.

"Comadre, ukumbi wanatoa kwa mkopo. Unacheza sasa, unalipa miaka miwili. Wanataka tu mtu mwenye namba asaini. Yangu wameitazama, wakanipa maji ya kunywa."

"Comadre..."

"Saini tu. Kulipa nitalipa mimi. Elfu tatu na mia sita, ni kitu gani?"

"Siwezi. Mpaka Jumanne hata taulo siwezi."

"Nani kazungumzia taulo?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, kwa mifano. Aliposikia yote akaniuliza kwa upole:

"Sasa hiyo namba ni ya nini? Ya kupikia?"

"Ni ya nyumba."

"Nyumba si hii hapa, umekaa ndani yake?"

Benchi likacheka. Nikaona heri nitoe jambo la maana.

"Sikiliza. Ua wangu unaingia watu mia. Viti vya parokia ni bure. Mimi napika wali na maharage, Librado anachoma nyama, mpwa wangu analeta spika zake. Sherehe inafanyika, na Jumapili yake tunaamka hatudaiwi na mtu."

"Dayanara acheze walsi na kuku?"

"Kuku nitawafungia."

"Na mvua utaifungia?"

"Eulalia, watu mia mbili na hamsini utawalisha nini? Hao hata hawakujui."

Hapo nilikosea. Kweli ilikuwa kweli, lakini benchi lilikuwa limejaa, na nusu ya benchi lilikuwa kwenye orodha ya walioalikwa.

Eulalia akasimama. Nusu ya kichwa ilikuwa imepakwa rangi, nusu bado.

"Kaa basi nikumalizie."

"Nitamalizia kwa watu," akasema, akatoka hivyo hivyo barabarani, kichwa upande mwekundu, upande wa majivu. Hakulipa. Sikuandika popote, mimi si benki.

Mpaka jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Kwamba Chelo amekuwa mzungu. Kwamba Chelo amesema mtoto wake wa ubatizo ni kuku. Kwamba namba imepanda kichwani kama homa.

Jumapili kanisani, padre aliposema tupeane amani, mama wa mbele yangu akageuka, akaniona, akaipa amani nguzo.

Sasa, kila Jumapili baada ya misa watu hula kwangu. Sialiki mtu. Wanakuja tu, ishirini, thelathini, wengine na sahani zao. Miaka kumi na tisa. Mtoto akilia mtaani Jumapili mchana, mamaye yuko kwangu.

Nikapika sufuria ile ile. Nikapasha moto chapati, nikazifunga kitambaani zisipoe. Nikapanga viti. Nikakaa.

Akaja mbwa wa jirani.

Librado akaja akakaa upande wa pili. Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Siku aliyoniposa alisema, "Unaonaje?" Hakuongeza.

Tukala. Kijiko kilisikika.

"Unalia?" akauliza.

"Kitunguu."

"Hiki chakula hakina kitunguu."

"Basi kula."

Akala. Baadaye akavaa kofia, akasema anakwenda kumtazamia mtu tairi. Yeye ni fundi wa matairi, na matairi hayajui Jumapili. Sikumuuliza tairi la nani. Ukiolewa na mtu wa maneno machache, unazoea kutouliza, na huo ndio ubaya wake.

Jumatatu mchana mlango ukasukumwa kwa kiuno. Ni Eulalia, na sinia la mikate mitamu, na kile kichwa chake cha rangi mbili.

"Comadre! Njoo nikubusu!"

Nikabusiwa pande zote.

"Ukumbi umepatikana!"

"Wee!"

"Umepatikana! Nimempata mtu kasaini jana ile ile. Na yale ya Jumamosi yameisha, nisamehe, nilikuwa na njaa."

"Nani huyo kasaini?"

"Mtu mwenye moyo."

"Ana jina?"

"Kaniapisha nisiseme. Hataki sifa."

Haikupita saa benchi likajaa. Walioipa amani nguzo walikuwa mstari wa mbele, wanakula mkate. Nikamkalisha Eulalia nikampaka nusu yake iliyobaki, na nilifurahi mpaka mikono ikawa myepesi. Nikamwombea dua yule mtu mwenye moyo. Nikasema Mungu amzidishie, ampe maisha marefu, na watu wa namna hiyo wameadimika.

Eulalia akasema amina, lakini akiwa ametazama chini.

Saa kumi simu ikalia.

"Bi Chelo, umekaa?" Ni Bwana Treviño.

"Nimesimama. Nina kichwa cha mtu mkononi."

"Kiweke chini."

Nikatoka mpaka mlangoni.

"Tunapokaribia kusaini, huwa tunazitazama namba mara ya mwisho," akasema. "Ni kawaida. Kuna deni jipya la jana."

"Si langu. Hata taulo sijagusa."

"Najua. La Librado. Ukumbi wa sherehe, elfu tatu na mia sita, miezi ishirini na minne."

Nikageuka. Eulalia alikuwa ananitazama kwenye kioo. Macho yetu yalipokutana akatazama dari.

"Bwana Treviño, hilo deni halijafikisha hata siku mbili."

"Bi Chelo, mkopo wenu ulipita kwa kubanwa. Palikuwa na nafasi ya kupitisha barua chini ya mlango. Mumeo amepitisha ukumbi."

"Sasa?"

"Akilifuta leo, nikapata karatasi ya ukumbi yenye saini yake kabla ya saa kumi na moja, kesho tunasaini kama kawaida. Isipofika, faili linarudi mwanzo, na akina Ottmers wameshasema hawangoji zaidi ya kesho. Yule wa Houston anatoa taslimu."

Nilirudi ndani. Sikupiga kelele. Nilimfunga Eulalia taulo kichwani, nikakaza.

"Comadre, unaniumiza."

"Najua."

Kwenye gereji nilikuta miguu ya Librado imetokeza chini ya gari. Viatu nilivitambua.

"Toka."

"Nasikia hata nikiwa huku."

"Librado, toka."

Akatoka na mafuta usoni. Nilimwambia kila kitu alichosema Treviño. Alisikiliza akiwa amekaa chini, ameshika spana kama mshumaa.

"Ulisaini," nikasema.

"Nilisaini."

"Tulikubaliana hata taulo."

"Taulo sikusaini."

"Usinichekeshe. Mwaka na nusu, Librado! Nimekula maharage mpaka nayaota. Nimepita dukani nimefumba macho kama anayepita makaburini. Kwa nini?"

Akafuta spana kwa kitambaa. Akaifuta upande wa pili. Akasema maneno mengi kuliko yote niliyomsikia akisema kwa mkupuo mmoja.

"Jana nilikutazama umekaa na chakula cha watu thelathini. Nikasema moyoni, huyu mwanamke nyumba anaitakia watu. Tukiinunua halafu asiingie mtu, tutakuwa tumenunua nini? Mbao. Nikaenda kwa Eulalia. Akaniambia nikisaini mimi haihesabiki, namba kubwa ni yako."

"Na ukamwamini Eulalia. Eulalia, aliyepewa maji ya kunywa."

"Nilitaka kumwamini."

Saa ilikuwa inakimbia. Kwa hiyo nikamwambia aingie garini.

Ukumbi uko nyuma ya duka la magodoro. Meneja anaitwa Bwana Zertuche, mtu mpole mwenye tai yenye picha ya tai. Hakushangaa. Nadhani Jumatatu huwaona wengi.

"Mnaweza kufuta," akasema. "Siku tatu za kwanza mnaruhusiwa, bila faini. Lakini asaini aliyesaini, yeye mwenyewe."

"Ndiye huyu hapa."

"Na mjue jambo moja. Kuna harusi inasubiri Jumamosi hiyo hiyo. Nikiingiza karatasi hii nawapigia papo hapo. Mkibadilisha mawazo kesho, ukumbi hamna."

"Hatubadilishi."

"Mimi nafunga saa kumi na moja."

Akatusogezea karatasi moja na kalamu yenye kamba, kama ya benki. Nje ya mlango wa ofisi muziki ukaanza, taratibu, halafu ukakatwa, halafu ukaanza tena. Sikuujali.

Librado akaishika kalamu. Akatafuta mahali pa kusaini. Nikamwonyesha kwa kidole.

Mlango ukafunguliwa.

"Mwalimu kasema tusilete viatu vya mchezo sakafuni lakini hawa hawasiki... Madrina!"

Ni Dayanara; madrina kwetu ni mama wa ubatizo, na padrino ni baba. Nyuma yake wavulana saba wenye suruali zinazoshuka na wasichana saba wenye chingamu, msafara wake wa sherehe, wamekuja mazoezini. Akanikumbatia. Alikuwa amefunga shuka kiunoni badala ya gauni la sherehe, ili ajizoeze kutokanyaga pindo.

"Mmekuja kutuona? Mama hakuniambia mnakuja! Padrino, nawe umekuja!"

"Tumepita tu, mwanangu," nikasema.

"Basi afadhali." Akamgeukia Librado. Aliinama kidogo, akawa anaongea na kofia iliyo mkononi mwa Librado. "Padrino, kuna ile walsi ya baba. Wote wameshafanya zamu zao, imebaki hiyo. Mwalimu ananiambia nifanye na kiti."

Baba yake Dayanara alikwenda Laredo kutafuta vipuri vya gari. Mwaka wa saba huu anavitafuta.

"Mama alisema nikuombe Jumamosi hiyo hiyo, nisikusumbue mapema," Dayanara akasema. "Lakini nikicheza na kiti hawa wananicheka."

Mmoja wa wavulana akacheka. Librado akamtazama. Mvulana akaacha.

Bwana Zertuche akakohoa, akatazama saa ya ukutani. Nami nikaitazama. Ilikuwa imebaki robo saa.

"Librado," nikasema polepole, "saini kwanza, halafu ucheze."

Mume wangu akaitazama karatasi. Akamtazama yule mtoto na shuka lake. Akanitazama mimi, na yale macho nayajua, ndiyo aliyokuja nayo siku ile ya "Unaonaje?"

"Akishasikia nimesaini," akaniambia kwa sauti ya chini, "sitaweza kumtazama. Ngoja nicheze kwanza."

Akaweka kalamu chini. Akaifuta mikono yake kwenye suruali, mbele na nyuma, akatoka na Dayanara kwenda ukumbini. Mlango ukabaki wazi.

Sijawahi kumwona Librado akicheza. Kwenye harusi yetu alishika ukuta. Sasa alikuwa katikati ya ule ukumbi mkubwa mtupu, na buti zake za gereji, amenyoosha mgongo kama amemeza ufagio, na mtoto anamhesabia kwa sauti, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Wale wavulana hawakucheka tena. Mwalimu wao akaongeza sauti ya muziki.

"Huo wimbo ni mrefu?" nikamuuliza Bwana Zertuche.

"Wanaurudia," akasema. "Mpaka wapatie."

Simu ikatetemeka mkononi mwangu.

"Bi Chelo, faili liko mbele yangu na koti nimeshavaa," Bwana Treviño akasema. "Niambie ndiyo au hapana. Limefutwa?"

Mwaka na nusu sijawahi kumdanganya yule bwana, hata kwa senti ya petroli.

"Limefutwa," nikasema.

"Safi sana. Ipige picha karatasi uitume sasa hivi, nikiona saini tu nafunga."

"Inakuja."

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Mwenye saini alikuwa katikati ya ukumbi, amefumba macho, anaanza mzunguko wa pili.